Kiarabu kilivyopanda Kilimanjaro kikiwa ndani ya Kiswahili

Mwombe bibi wa Vunjo akuhesabie kwa Kichagga kuanzia moja hadi kumi. Matamshi hubadilika kutoka Rombo hadi Siha, lakini ukipita tano utasikia sita yenye shina la randaru, saba ikiitwa mfungare, na tisa ikiitwa kenda. Kijana wa Tanga au Lamu atadhani haya ni maneno asiyohusiana nayo kabisa. Kumbe wahenga wake nao walihesabu hivyo: tandatu, mfungate, kenda. Fungate ya maarusi ni siku saba, na Mijikenda ni miji tisa. Kisha biashara ya bahari ikaleta sita, saba na tisa za Kiarabu, pamoja na ishirini, mia na elfu, na pwani ikaziacha tarakimu zake. Kilimanjaro kikabaki nazo.

Hapo ndipo historia ya Kiarabu mlimani inapoanzia, kwa sababu lugha hiyo haikuwahi kuzungumzwa vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Ilipanda ndani ya Kiswahili, na Kiswahili kilipanda na misafara. Watu wa Mombasa na Pangani walipitia Taveta wakiwa na nguo na shanga, wakitafuta pembe, watumwa na chakula cha safari. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo Mei 1848, aliongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri, aliyeijua njia hiyo tayari.

Wamangi, yaani watawala wa Kichagga, waliona haraka faida ya kumwelewa mfanyabiashara bila mkalimani. Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alikizungumza Kiswahili vizuri, kama wageni waliomtembelea walivyoshuhudia. Mei 1885 Jenerali Lloyd Mathews alifika na msafara wa Sultani Barghash wa Zanzibar, na Rindi na wenzake wakaipokea bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye Karl Jühlke alipata kwa Rindi huyohuyo mkataba wa Wajerumani. Utawala wa Zanzibar mlimani ukaishia hapo. Lugha ya Zanzibar haikuondoka nao, kwani Wajerumani walikitumia Kiswahili kuendesha koloni lao.

Linganisha na Misri. Kiarabu kilifika huko na majeshi mwaka 639, kikawa lugha ya ofisi za dola, na baada ya karne kadhaa Kikopti kikabaki katika ibada za kanisa. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Waarabu wengi waliohamia pwani walioa huko, na watoto na wajukuu wao wakalelewa kwa Kiswahili. Kiswahili kilichukua maneno maelfu kikayavisha ngeli zake: kitabu kikapata vitabu, kana kwamba ki- yake ilikuwa kiambishi tangu mwanzo. Mifupa yake ilibaki ya Kibantu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kukopa ndiko kunakoua lugha. Kiswahili kilikopa hata tarakimu, kitu ambacho lugha hukiachia kwa shida, na leo kina wasemaji wengi kuliko wakati wowote.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, waliofungua kituo chao Machame mwaka 1893, hawakuliona jambo hilo hivyo. Wengi wao walikishuku Kiswahili kuwa kinabeba Uislamu, wakahubiri na kufundisha kwa Kichagga. Bruno Gutmann, aliyekuja Kilimanjaro 1902 na kuondoka moja kwa moja 1938, ndiye aliyeishikilia kazi hiyo kuliko wote. Agano Jipya lake kwa Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, lilichapishwa 1939. Namheshimu kwa hilo, ingawa hofu ya wamisionari juu ya Kiswahili naiona ilipotoka. Siku ya kusulubiwa Yesu Wakristo wa mlimani wanaiita Ijumaa Kuu, jina lililotoka kwenye siku ya sala ya Waislamu, na imani yao haijapungua kwa hilo.

Shule, kahawa na ushirika viliendelea kukipandisha Kiswahili. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa 1933. Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle alipotaka kueleza mila za watu wake, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Maisha, dunia, ahera: maneno matatu yenye asili ya Kiarabu kwenye jalada la kitabu cha mila za Kichagga! Mangi hakuwa anaikana asili yake. Alitaka asomwe mbali zaidi ya Marangu, na alisomwa.

Kwa Waislamu wa Machame na mjini Moshi, Kiarabu kina nafasi yake mahsusi: Kurani na sala kwa Kiarabu, mazungumzo ya mjini kwa Kiswahili, habari za nyumbani kwa Kichagga. Lugha tatu zinaweza kukaa katika kichwa kimoja bila kugombana.

Kinachoniumiza ni kwamba ile ya tatu inaachwa. Desemba Wachagga hurudi nyumbani kwa maelfu kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na watoto wengi wanaoshuka kwenye magari hawajui zaidi ya shimbonyi ya salamu na aika ya shukrani. Hawakunyang'anywa lugha na Kiarabu wala Kiswahili. Wazazi waliacha kuwasemesha, wengine kwa kuoa au kuolewa na watu wa makabila mengine, wengine kwa kuamini kwamba Kichagga kingewachelewesha shuleni. Mtoto anayejifunza hesabu kwa Kiswahili darasani anaweza kabisa kuhesabu mfungare na kenda akiwa jikoni kwa bibi.

Gutmann aliyaandika mafundisho ya jando ya Wachagga katika majuzuu matatu, yaliyotoka kati ya 1932 na 1938, kwa Kichagga kikiambatana na tafsiri ya Kijerumani. Old Moshi bado wapo wazee wanaoweza kuzisoma kurasa zile kwa sauti na kuzieleza. Krismasi hii wajukuu watakuwa nyumbani. Mtu awapelekee wazee hao nakala.