Safu ya Lugha: Tairi, ringi na gurudumu

"Nimefunga tairi saizi 18," hujigamba wenye magari ya juu huko Biharamulo. Hiyo 18 ni inchi za ringi, yaani chuma kinachokazwa kwa nati. Tairi, neno tulilolitwaa kwa Waingereza, ni mpira unaokizunguka chuma hicho. Viwili hivyo vikiungana ndipo tunapata gurudumu. Badala ya ringi, wengine husema rimu, nami sigombi, ingawa ukiiagiza dukani unaweza kuletewa karatasi.

Kosa la kuchanganya tairi na ringi lina gharama. Soma ubavuni mwa tairi: 265/65R17. Upana ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, karibu milimita 172. Ringi ni inchi 17. Ukikuza ringi huku kimo cha gurudumu kikibaki kilekile, ubavu ndio unaopungua. Sasa iache lami ya Lusahunga, uingie njia za mawe za vilima vya Ngara: ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na ringi, ukapasuka. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za kazi bado huvaa ringi ya 16. Na ukimwomba fundi "tairi kubwa", mfafanulie: pana, lenye ubavu mrefu, au la ringi kubwa?