Mwafaka wa nodi

Mwafaka wa nodi ni hali ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao (nodi) kukubaliana juu ya uamuzi mmoja, ingawa ujumbe unaweza kuchelewa au kupotea. Mwaka 1985 wanasayansi wa kompyuta Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba, ucheleweshaji usipokuwa na kikomo, hakuna algorithimu isiyotumia bahati nasibu inayohakikisha mwafaka iwapo hata nodi moja yaweza kuzimika. Algorithimu ya Paxos, ya Leslie Lamport, hutegemea wingi: kati ya nodi 5, 3 zikikubali uamuzi umepita. Hata nje ya kompyuta, madhara ya taarifa kuchelewa yalionekana Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, Agosti 1914: meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Gwendolen ya Waingereza kabla nahodha wa meli hiyo ya Kijerumani hajapata habari za vita.