Nakala Isiyoazimika: Bei ya Jarida katika Zama za Kishikwambi

Tarehe 26 Mei 2010, wiki saba na ushei baada ya kampuni ya Apple kuanza kuuza iPad nchini Marekani, jarida la Wired lilitoa toleo lake la kwanza la kishikwambi. Bei yake ilikuwa dola 4.99, sawasawa na bei ya nakala ya karatasi kibandani. Katika mwezi wa kwanza zilinunuliwa nakala zaidi ya 100,000, na wachapishaji wa New York, ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiwatazama watangazaji wa biashara wakiwakimbia, walipumua. Furaha hiyo haikudumu. Kati ya Julai na Septemba mauzo yalishuka hadi wastani wa nakala 31,000 kwa kila toleo. Oktoba zilikuwa takriban 22,000, na Novemba 23,000. Haya yalitokea wakati idadi ya watu wenye iPad ikiongezeka kila wiki.

Ufafanuzi uliotolewa wakati ule, na ambao bado husikika katika kumbi za mihadhara, ulikuwa mwepesi: intaneti imemharibu msomaji, amezoea vya bure, hataki kulipa. Sikubaliani nao. Watu waliotoa dola 499 au zaidi kununua kifaa kipya, kisha wakanunua nakala laki moja za jarida moja ndani ya mwezi, hawawezi kuitwa mabahili. Walichokikataa ni kitu kingine. Ili kukiona, sharti turudi nyuma zaidi ya karne moja, kwa kuwa msomaji wa Marekani hakuzaliwa na maoni kuhusu bei ya jarida. Alifundishwa, na waliomfundisha ni wachapishaji wenyewe.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Frank Munsey. Mwaka 1893 ulikuwa mwaka wa mtikisiko mkubwa wa uchumi Marekani, na majarida ya heshima ya nchi ile yaliuzwa kwa senti 25 au 35, fedha ambazo mfanyakazi wa kiwandani hakuzitoa bila kufikiri mara mbili. Juni mwaka huo S. S. McClure alianzisha McClure's kwa senti 15. Julai, Cosmopolitan ikashuka hadi senti 12 na nusu. Oktoba, Munsey akaishusha Munsey's Magazine kutoka senti 25 hadi 10. Kampuni ya American News, iliyoshika usambazaji wa magazeti karibu kote nchini, ilikataa kulibeba jarida hilo kwa masharti yake. Naye akaanzisha kampuni yake ya usambazaji, Red Star News. Kufikia mwaka 1895 Munsey's ilikuwa ikitoa nakala nusu milioni.

Senti kumi zile sizo zilizomtajirisha. Utajiri ulitoka kwa wauza sabuni, baiskeli na hamira, waliokuwa tayari kulipa vizuri ili bidhaa zao zionekane katika nyumba nusu milioni. Serikali nayo ilisaidia: sheria ya posta ya mwaka 1879 ililipa jarida daraja la nafuu, na mwaka 1885 nauli hiyo ikashushwa hadi senti moja kwa ratili. Tangu hapo biashara ya jarida la Kimarekani ikawa na wateja wawili. Msomaji alinunua makala kwa bei ya chini, na mtangazaji akamnunua msomaji kwa bei ya juu. Mchapishaji alimwahidi mtangazaji idadi maalumu ya wasomaji, na ili idadi hiyo isipungue, alikuwa radhi kumpelekea mteja wa mwaka jarida nyumbani kwa bei ya karibu na bure.

Basi tumrudie yule msomaji wa mwaka 2010. Kwa kadi ya punguzo iliyochomekwa ndani ya jarida lenyewe, aliweza kuletewa Wired ya karatasi mwaka mzima, matoleo 12, kwa bei isiyozidi ile ya matoleo matatu ya kibandani. Kwenye kishikwambi hapakuwa na malipo ya mwaka. Kila toleo lilinunuliwa peke yake. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: dola 4.99 mara 12 ni dola 59.88. Aliyekuwa akilipa chini ya dola 15 aliombwa karibu 60, kwa kitu ambacho hakikutumia karatasi, wino, wala mtu wa posta. Na ikiwa tayari alikuwa mteja wa karatasi, aliombwa alipe mara ya pili kwa maneno yaleyale.

Haki inanilazimu niseme upande wa pili. Karatasi na stempu ni sehemu tu ya gharama za jarida. Mwandishi hulipwa, mpigapicha hulipwa, mhariri na mhakiki wa taarifa hulipwa, iwe makala itasomwa kwenye karatasi au kwenye kioo. Kishikwambi kiliongeza kazi badala ya kuipunguza: kila ukurasa wa Wired ulisanifiwa mara mbili, mara moja kwa kifaa kilichosimamishwa na mara nyingine kwa kilicholazwa. Kisha kila ukurasa ukahifadhiwa kama picha. Ndiyo sababu toleo lile la kwanza, lenye habari ya filamu ya Toy Story 3, lilikuwa na uzito wa megabaiti zaidi ya 500, na iPad ndogo kabisa ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 16. Msomaji alipakua kwa muda mrefu, kisha akagundua kwamba maneno yale hayawezi kukuzwa wala kunakiliwa, kwa kuwa yalikuwa picha ya maneno. Mchapishaji aliona gharama mpya. Msomaji aliona jarida zito kuliko la karatasi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Mgogoro ulikolezwa na Apple yenyewe. Tarehe 15 Februari 2011 kampuni hiyo ilitangaza masharti ya malipo ya kila mwezi na ya mwaka: asilimia 30 ya kila malipo yaliyopita katika duka lake ilikuwa yake, na msomaji ndiye angeamua kama jina na anwani yake vimfikie mchapishaji. Wengi walidhani kwamba ile asilimia 30 ndiyo iliyowauma zaidi wachapishaji. Nadhani jina ndilo lililouma. Tangu enzi za Munsey, orodha ya wateja ndiyo iliyokuwa mtaji halisi wa jarida. Bila orodha hiyo, mtangazaji huuziwa giza. Gazeti la Financial Times liliona ni heri kuliondoa toleo lake katika duka la Apple mwaka huohuo, likawafungulia wasomaji wake njia ya kivinjari.

Mei 2011 hatimaye hali ilianza kulegea. Time na Fortune yaliwaruhusu wateja wao wa karatasi kusoma kwenye iPad bila malipo ya ziada. Majarida ya Condé Nast yakaanza kuuza usajili, mengi yao kwa dola 1.99 kwa mwezi au 19.99 kwa mwaka, na The New Yorker, ambalo hutoka kila wiki, kwa dola 5.99 na 59.99. Bei zilikuwa zimerudi karibu na zile ambazo msomaji alikuwa amezizoea.

Je, bei ndogo ingetosha? The Daily linatupa jibu. Rupert Murdoch alilizindua New York tarehe 2 Februari 2011, gazeti lililoundwa kwa ajili ya kishikwambi peke yake, bila historia ya karatasi. Aliligharimia dola milioni 30 kulianzisha, na kuliendesha kulihitaji nusu milioni kwa wiki. Msomaji alitozwa senti 99 kwa wiki, yaani kama senti 14 kwa siku. Hakuna aliyeweza kudai kwamba bei hiyo ni dhuluma. Lilipata wateja wanaolipa zaidi ya laki moja, idadi ambayo gazeti lolote jipya lingeionea fahari, na bado likafungwa tarehe 15 Desemba 2012. Gharama zake zilikuwa za gazeti la taifa zima, na mlango wake ulikuwa mwembamba kama kifaa kimoja. Aliyevutiwa na makala hakuweza kumkabidhi rafiki yake gazeti akamwambia: soma ukurasa wa tano.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1908, katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua juu ya riwaya iliyochapwa onyo kwamba haruhusiwi mtu kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's lilikuwa likiiuza kwa senti 89. Mahakama ilisema mchapishaji akishaiuza nakala, amri yake juu ya nakala hiyo imekwisha. Aliyenunua anaweza kuiuza kwa bei aipendayo, kuigawa, au kuiazima. Kwa miaka mia moja msomaji alikuwa ameijumuisha haki hiyo katika bei bila kuitaja. Kwenye kishikwambi ilitoweka kimyakimya: alichonunua hakikuwa nakala tena bali ruhusa ya kutazama, na ruhusa ilitozwa bei ya nakala. Sisi tuliokulia mahali ambapo gazeti moja husomwa na mtaa mzima, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa mzee anayesomewa kwa sauti barazani, tungepaswa kuliona pengo hilo kabla ya wengine. Sikuliona.

Mwaka 2011 nilikuwa ughaibuni nikiandika tasnifu ya uzamivu, na kwa akiba ya posho yangu nilinunua kishikwambi. Nikanunua pia, mwezi baada ya mwezi, matoleo 14 ya jarida moja la fasihi ambalo sitalitaja. Nilijiona mtu wa mbele: sikuwa na rafu, wala sanduku la kubeba nikirejea nyumbani. Miaka mingi baadaye, nikitayarisha mhadhara juu ya historia ya majarida, nilikichaji kile kifaa. Majalada yote 14 yalikuwepo, madogo kama stempu. Nilipogusa la kwanza, lilizunguka kwa muda, kisha ukatokea ujumbe kwamba huduma haipatikani. Niliwaandikia wenye jarida. Jibu lilikuja kwa adabu: toleo la kishikwambi lilikwisha kusitishwa, na mkataba niliouridhia siku ya kununua ulisema jambo hilo linawezekana.

Soko lenyewe lilikuwa limeshahamia kwingine. Aprili 2012 wachapishaji wakubwa waliokuwa wameungana chini ya Next Issue walianza kuuza usajili wa dola 9.99 au 14.99 kwa mwezi kwa majarida mengi kwa pamoja. Baadaye ikaitwa Texture, Apple ikainunua mwaka 2018, na Machi 2019 ikazaliwa Apple News+, dola 9.99. Kwa mpango huo hakuna anayejidanganya kwamba amenunua nakala. Analipia kuingia, na asipolipa mlango unafungwa. Nauona kuwa mkataba mkweli zaidi kuliko ule wa mwaka 2010, ingawa kwa mwanahistoria ni mbaya vilevile.

Kwa mhadhara ule nilichukua badala yake magazeti ya marehemu mjomba wangu, yaliyokaa miongo kadhaa katika sanduku la bati. Mchwa walikuwa wamelipitia sanduku. Baadhi ya matoleo ya Nchi Yetu yalikuwa yamebaki nusu, mengine mazima. Niliyapitisha darasani kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono na kuuliza Salum ni nani, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino pembeni mwa jalada, pamoja na maneno: arudishiwe Ijumaa. Sikujua. Mjomba wangu hakuitwa Salum.