Kamera Changamani na Programu za Awali: Historia Fupi ya Viendeshi vya Linux

Video4Linux2 ilipoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2002, kamera ilichukuliwa kuwa kifaa kimoja: programu ilifungua faili moja, ikaomba picha, ikapewa. Utaratibu huo ulizifaa kamera za USB, kwa kuwa uchakataji wa picha hufanyika ndani ya kamera yenyewe.

Kamera za simu zilivuruga dhana hiyo. Humo sensa, lenzi na kichakataji picha ni sehemu mbalimbali, na kila moja huongozwa peke yake. Toleo la 2.6.39 la mwaka 2011 liliziweka wazi sehemu hizo. Viendeshi vilipata usahihi, lakini programu za awali hazikujua namna ya kuziunganisha.

Mradi wa libcamera, uliotangazwa mwaka 2018, uliweka maktaba kati ya kiendeshi na programu. Maktaba hiyo hupanga njia ya picha, hurekebisha mwanga na rangi, na ina tabaka linalonasa maombi ya mtindo wa awali na kuyajibu kana kwamba kamera ingali kifaa kimoja. Hata hivyo, kwa njia hiyo programu haipati uwezo wote wa kamera.

Kwa mwalimu wa Ibighi, wilayani Rungwe, mwenye kompyuta ya aina hiyo, pengo lisipozibwa kamera nzima huonekana mbovu, naye hulazimika kununua nyingine. Hivyo, upatanifu ni suala la nani abebe gharama ya mabadiliko: mtengenezaji au mtumiaji.