Sindano Iliyosubiri Mtindo

Julius Caesar aliiteka Gallia, lakini kipara kilimteka yeye. Suetonius, aliyeandika maisha yake, anasema alikuwa akizichana nywele chache za utosini zije mbele, na kwamba katika heshima zote alizopewa, hakuna aliyoifurahia kama ruhusa ya kuvaa taji la majani kila wakati. Taji lilifunika mambo.

Wala si yeye wa kwanza. Karibu miaka 1,500 kabla yake, Wamisri waliandika katika mafunjo ya Ebers dawa ya kipara yenye mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Kule Ufaransa, Louis XIV alivaa wigi, na wakubwa wa Ulaya wakamfuata. Mwaka 1952, daktari Norman Orentreich wa New York alianza kuhamisha nywele za kisogoni na kuzipanda mbele. Mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha minoxidil ya kupaka kichwani, dawa iliyoanza kama tembe za presha. Ama uoteshe, ama ufunike. Basi.

Nina miaka 26. Chuo niliacha mimi. Nywele zinaniacha zenyewe. Kwa hivyo nasoma haya yote nikiwa na haja, na kilichonishika zaidi ni tatuu ya kichwani. Ni vitone vidogo vya rangi vinavyochomwa juu juu kwenye ngozi, vikiiga vishina vya nywele zilizonyolewa juzi. Haidai kwamba una nywele. Inadai kwamba umenyoa kwa hiari yako.

Sasa shida iko hapa: sindano ilikuwepo kitambo. Samuel O'Reilly alipewa hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu mwaka 1891, kutokana na wazo la kalamu ya umeme ya Edison. Mbona basi vitone hivi vikaanza kushika kasi miaka ya 2000?

Naona ni kwa sababu awali havikuwa na cha kuiga. Kwa muda mrefu huko Magharibi, kichwa kilichonyolewa kilimkumbusha mtu jela, jeshi ama ugonjwa. Halafu wakaja watu kama Michael Jordan. Aliingia NBA mwaka 1984 akiwa na nywele. Miaka ya 90 kipara chake kiling'aa kwenye mabango ya dunia nzima. Hapa kwetu wembe ulikuwa na heshima yake kabla ya hapo: katika Eunoto, mama Mmaasai humnyoa mwanawe moran nywele ndefu, na kila mtu hujua kijana amevuka daraja.

Kwa hivyo teknolojia haikutosha. Ilibidi kwanza kipara kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukichagua.

Lakini uchaguzi huu una masharti, buda. Lazima uendelee kunyoa. Rangi hufifia baada ya miaka kadhaa, unarudi kuchomwa tena. Kama ngozi yako hufanya keloidi, muone daktari wa ngozi kabla ya sindano. Halafu uso huzeeka, mstari wa nywele uliochorwa hauzeeki. Mimi nikienda, sitaomba mstari wa kijana wa miaka 18. Nitaomba uliorudi nyuma kidogo, ambao hata nikifika 60 utakuwa bado unanifaa.