Siku Iliyoandikwa Pasipo Pake

Kipande cha shamba la mkonge kilikuwa kadi yenye vyumba 30, chumba kimoja kwa siku moja ya kazi. Lakini siku yenyewe haikuwa ya kalenda. Mkataji aliyeingia shambani alfajiri na kushindwa kufikisha mizigo aliyopangiwa, kila mzigo majani 30, hakutiwa alama. Jasho lilimtoka, siku haikuhesabiwa. Ndiyo maana kipande cha siku 30 kiliweza kumla mtu mwezi na nusu, na mshahara ukasubiri hadi vyumba vyote vijae.

Mimi natunza mahudhurio ya kampuni ya ujenzi hapa Tanga, na kadi hizo za zamani hunivutia kuliko majumba ya Wajerumani ambayo wageni huja kuyapiga picha.

Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Miche ilizaana yenyewe. Tabu ilikuwa watu. Wasambaa walikuwa na mashamba yao ya kulima, hawakuona sababu ya kwenda kulima ya mwingine. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani wa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ukawagawia kadi: siku 30 za kazi kwa Mzungu kila baada ya miezi minne, la sivyo mtu akamatwe kwa kazi za serikali. Kadi, kwa hiyo, ilianza kama amri kabla ya kuwa hesabu. Waingereza walipokuja, sheria yao ya 1923 ikamfanya anayetoroka mkataba kuwa mhalifu.

Marehemu baba yangu mdogo alikata mkonge upande wa Muheza miaka ya hamsini. Alikuwa akisema kukosa alama kulikuwa na nafuu, maana chumba kitupu kila mtu anakiona. Kilichomuuma ni siku iliyoandikwa pasipo pake: umekata mkonge, karani amekuweka kwenye palizi, na palizi ina malipo yake. Ukienda kwa karani, anakupeleka kwa nyapara. Nyapara anatazama juu, anakumbuka au hakumbuki. Kumbukumbu yake ndiyo iliyokuwa daftari la rufaa, na wenye akili walihakikisha nyapara hakosi tumbaku.

Kosa hilohilo ndilo linalonipa mkate. Fundi anashinda kwenye daraja, msimamizi anagusa jina la mradi ulio juu yake kwenye orodha, na saa nane zinaangukia ghala la mteja mwingine. Fundi analipwa vilevile. Anayeumia ni mteja wa ghala, akiletewa ankara ya zege ambalo halikumwagwa kwake. Mwezi ukishafungwa kwenye programu, sifuti kitu. Naandika saa nane za kutoa kwenye ghala, saa nane za kuongeza kwenye daraja, tarehe ileile ya kazi, sababu pembeni, kisha meneja wa mradi anaidhinisha. Kosa linabaki palepale likisomeka, na marekebisho yake chini. Vijana wa ofisini huona ni uchafu kwenye ripoti. Mimi naona ndicho kitu ambacho wakataji hawakuwahi kupewa.

Baba mdogo aliwahi kupita ofisini nikamwonyesha haya yote. Alitazama safu ya idhini kwa muda, akauliza: “Na huyu mkubwa, siku zake anazitia alama nani?” Ilibidi nimwambie kwamba programu inamruhusu meneja kujiidhinishia mwenyewe.