Tarehe ya Soko la Hisa la Nairobi

Wako wanaodai kwamba soko la hisa la Nairobi lilizaliwa miaka ya 1920. Hisa ziliuzwa miaka hiyo, hakuna anayekana. Lakini Wazungu waliofanya biashara hiyo walikutana katika Hoteli ya Stanley, wakaafikiana wakinywa kahawa, na kilichowafunga ni kuaminiana tu. Dalali alikuwa mhasibu, wakili au mnadi mwenye shughuli yake nyingine. Hayo yalikuwa mauziano. Soko lina mwasisi, naye ni Francis Drummond.

Drummond alikuwa wakala wa majumba na viwanja. Mwaka 1951 alifungua kampuni ya kwanza iliyoshika udalali wa hisa kuwa ndiyo kazi yake hasa. Hakutosheka na hapo. Alimwendea Sir Ernest Vasey, aliyeshika fedha za koloni, akamshawishi kwamba Afrika Mashariki inahitaji soko lake. Mwaka 1953 jambo lilifikishwa London, na wakuu wa soko la huko wakakubali kuitambua Nairobi. Mwaka 1954 madalali wakaandikisha chama chao, na kampuni za Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata mahali pa kuuzia hisa. Kampala na Dar es Salaam zilifungua masoko yao mwaka 1998.

Hapa lazima nitaje dhuluma. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa katika soko lile mpaka baada ya uhuru wa 1963. Kahawa na chai vilichumwa kwa mikono ya Waafrika, na maduka ya Wahindi yalijaza mji, lakini gawio lilikwenda kwa wengine. Anayesifu miaka ile bila kulitaja hilo amesimulia nusu.

Turudi sokoni. Wazee wa kazi husimulia kwamba madalali walikaa pamoja, majina ya kampuni yakasomwa moja baada ya jingine. Mnunuzi akataja bei yake na muuzaji yake, zikilingana, biashara imekwisha. Mwaka 1991 utaratibu huo ukaachwa, madalali wakaanza kunadi kwa sauti ukumbini. Mwaka 2004 ikaja hazina kuu ya hisa, hati za karatasi zikaanza kugeuka akaunti. Mwaka 2006 ikaingia kompyuta, ambayo humtanguliza mnunuzi mwenye bei ya juu na muuzaji mwenye bei ya chini. Bei zikiwa sawa, aliyewahi ndiye wa kwanza.

Na ajabu kubwa niliyoiweka akiba ni ya 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, na foleni zikafika barabarani. Waliotaka walikuwa wengi mno, kila mmoja akapata sehemu ndogo ya alichoomba. Bei ilipanda siku za mwanzo, kisha ikashuka chini ya shilingi 5, na wengi wakauza kwa uchungu. Waliovumilia miaka ndio waliofaidi.

Mwaka 2011 soko lilibadili jina rasmi, kwa kuwa halikuuza hisa peke yake bali na hati fungani. Mwaka 2014 likaandikisha hisa zake lenyewe, nazo hununuliwa humo humo, na yeyote mwenye akaunti.